Kitanda cha Lenah na Cheti cha Barafu

Watoto kumi na mmoja walishikwa na tumbo Alhamisi, na kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa imeshaamua mkosaji ni nani. Mwalimu mkuu Kimeli alitoka mpaka langoni, akasimama mbele ya wauza barafu wawili kama mtu anayekagua gwaride, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Kuanzia leo," alisema, "barafu mwisho. Hata kipande."

Jerono, aliyekuwa akiuza barafu ya rangi nyekundu ambayo hakuna tunda duniani lenye rangi ile, aliinua ndoo yake na kuanza kuondoka. Lenah hakuinuka. Alikuwa ameketi juu ya kigoda chake, ndoo yake mbele, imezungushiwa gunia na kujazwa maranda ya mbao ili ubaridi usikimbie.

"Mwalimu, yangu si ya unga wa rangi," alisema. "Yangu ni mapera, pasheni, papai na ndizi. Tunda linapondwa, linachujwa kwa kitambaa kilichochemshwa, linagandishwa. Ukitaka tukuonjeshe."

"Mama Nakhungu, sikatai. Lakini tumbo la mtoto halijui pera ni lako ama la nani. Jumamosi tuko na michezo ya shule zote za hapa. Leta cheti cha bwana afya kufikia Ijumaa, utauza peke yako kama mfalme. Bila cheti, askari atakutoa na ndoo yako."

"Basi aje hata leo!" Lenah alisema kwa sauti ya kusikika hadi darasa la nane. "Jikoni kwangu hata nzi hutua akiomba ruhusa."

Walimu wawili waliokuwa dirishani walicheka. Lakini nyuma ya ua, kitoto fulani chembamba kilipaza sauti, "Mama Kuhara!" na vingine vikaitikia, "Kuhara! Kuhara!" Lenah alikuwa ameuza barafu pale misimu minne ya kiangazi. Vitoto vile alivijua kwa majina, na vingine alivipa bure siku ambazo havikuwa na thumni. Jina lile lilimwingia kama mwiba wa mchongoma, ule unaokatikia ndani.

Alijifanya hajasikia. "Na bwana afya siku hizi ni nani, Mwalimu? Yule mzee wa pikipiki?"

"Alihamishwa. Tumeletewa kijana, mkali sana, hali hata chai ya mtu. Ni mtu wa kwenu Bungoma. Anaitwa Wekoye."

Lenah alishika kifuniko cha ndoo. "Wekoye wa Sirisia?"

"Huyo huyo. Unamjua?"

"Namjua," Lenah alisema. "Ni mkwe wangu."

"Ah! Si mambo ni rahisi basi."

Mwalimu Kimeli alikuwa mtu wa mlimani, na kwa desturi za Wabukusu alikuwa mgeni kama kuku kanisani. Hakujua kwamba kijana aliyemwoa Nakhungu, binti wa Lenah, ambaye ng'ombe zake za mahari zilifika Desemba iliyopita zikiwa na pembe nzuri, hakuruhusiwa kumkaribia mama mkwe wake uso kwa uso, wala kumshika mkono, wala kula mbele yake, wala, Mungu apishe mbali, kutia mguu katika chumba anacholala. Na friji ya Lenah ilikaa wapi? Chumba cha kulala, hatua mbili kutoka kitandani.

*

Usicheke kabla ya kujua sababu. Ile friji ilikuwa ya mafuta ya taa, yenye kijitaa chini na baridi juu, jambo ambalo Lenah mwenyewe hakulielewa na aliacha kujaribu. Mukhisa, mumewe, fundi wa baiskeli, aliinunua kwenye mnada wa shamba la mzungu upande wa Moi's Bridge. Friji ya namna hiyo ina maringo. Ikiinama kidogo tu, haigandishi. Inakaa pale ikinuka moshi na kukuangalia. Nyumba yao, kule pembeni karibu na Kipsongo, ilikuwa ya udongo yenye mabati juu, na sakafu yake ilipanda na kushuka kama barabara ya Kapenguria. Ni chumba kimoja tu kilichokuwa na saruji iliyonyooka, nacho ni cha kulala, kwa sababu Mukhisa alikuwa na ugomvi wa zamani na funza.

"Tuitoe friji tuiweke sebuleni," Mukhisa alisema jioni hiyo, akinawa grisi.

"Uliitoa mwaka juzi. Iligoma siku tano."

"Tutaiwekea mawe chini."

"Uliiwekea mawe. Ilianguka karibu itumalize."

Mukhisa alikausha mikono kwa suruali. "Basi nitaenda ofisini kwao kesho niombe wampeleke mtu mwingine."

Alienda. Karani alimweka kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa sita, akila mandazi mbele yake bila kumkaribisha, kisha akamwambia kwamba bwana afya wa eneo hilo ni mmoja, kama vile mwezi. Wekoye mwenyewe alipotokea na kumwona baba mkwe wake ameketi na wauza samaki, alitaka kujificha nyuma ya kabati.

"Baba," alisema, macho chini, "mwambie Mama anisamehe. Sheria inataka nione pale barafu inapogandia. Na pale mimi siwezi kuingia. Nikisaini bila kuona, watu watasema nilisaini kwa sababu ya Nakhungu. Mimi nina mwezi mmoja tu hapa."

"Hauwezi kufunga macho kidogo ukiingia?"

"Baba, nitakaguaje nikiwa nimefunga macho?"

Mukhisa alirudi na jibu hilo, na akalisema akiwa amesimama mlangoni, tayari kukimbia. Lenah hakumkemea. Alikuwa akimenya papai, na aliendelea kumenya mpaka maganda yakawa mengi kuliko tunda.

"Leo nimepita sokoni," alisema mwishowe. "Mwanamke wa nyanya ameninyima chenji mkononi. Ameiweka chini, niokote. Ati mkono wangu una tumbo."

"Watu watasahau."

"Watu husahau wema, Baba Nakhungu. Kuhara hawasahau. Nikikosa hicho cheti, nitazikwa na hilo jina. Na msalabani wataliandika."

*

Jumatano alfajiri Lenah alikuwa Sirisia, kwa senge yake Nekoye, dada ya marehemu baba yake. Nekoye ndiye aliyekaa mbele wakati wa mahari ya Nakhungu, na upande wa kina Wekoye walimwogopa hata leo, maana alirudisha ng'ombe mmoja kwa kosa la kukohoa. Kama mtu angeweza kusema kitu hiki ni halali ama ni mwiko, na pande zote mbili zikanyamaza, ni huyo. Lenah alimkuta akipepeta wimbi, akitukana kuku kati ya pepeto moja na jingine.

"Haiwezekani," Nekoye alisema kabla Lenah hajamaliza. "Mkwe kuingia pale unapovulia nguo? Unataka mtoto wako azae vipofu?"

"Senge, ngoja kwanza. Wewe ulikuja kwetu Kitale tulipohamia?"

"Nilikuja. Mlinipa chai nyepesi."

"Kile chumba cha saruji, tulikuwa tunaweka nini wakati ule?"

"Mahindi. Nilikanyaga panya mule."

"Kwa hivyo kilikuwa chumba cha kulala?"

"Chumba cha kulala gani? Kilikuwa ghala."

"Halafu kikawa chumba cha kulala lini?"

Nekoye aliacha kupepeta. "Si mlipoingiza kitanda."

"Basi nikikitoa kitanda?"

Kuku walipata nafasi yao na wakajilia. Bikizee alimtazama Lenah kwa muda, kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha ungo, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu. "Wewe mtoto ulitoka wapi? Baba yako hakuwa mjanja hivyo, yule aliuziwa fahali akaambiwa ni mtamba!"

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Lakini sikiliza, na usinicheze." Sasa hakuwa akicheka. "Kitanda kitoke mchana, jirani wote wakione. Wewe usiwe ndani ya nyumba akiingia. Na kikishatoka, hakirudi. Umesikia? Kikirudi hata usiku mmoja, utakuwa umemdanganya mkwe wako, umemwingiza chumbani kwako kwa hila. Hapo mimi mwenyewe nitakuja kudai faini, na nitakula hiyo mbuzi peke yangu."

"Hakirudi kabisa?"

"Kabisa. Chagua. Saruji ama barafu."

Lenah alinyanyua mzigo wa maembe aliyokuwa amenunua njiani. Alifikiria mgongo wake, na funza wa Mukhisa, na sakafu ile ya udongo ambayo mvua za Aprili huifanya uji. Kisha akafikiria chenji iliyowekwa chini.

"Barafu," alisema.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi kitanda kilitoka. Kilikuwa cha mbao za mvule, kizito kama dhambi, na Mukhisa alikibeba na fundi mwenzake huku akilalamika kwa kila hatua. Majirani walijaa uani kama waliosikia harusi.

"Mukhisa, umefukuzwa?" mmoja aliuliza.

"Nimehamishwa," Mukhisa alijibu. "Kazi ya serikali."

"Na godoro je, nalo linapewa uhamisho?"

"Lizungushe uone mahali lilikojolewa!" mwingine alidakia, na vicheko vikapasuka. Godoro lililala juani, madoa yake yote hadharani, na Lenah alilazimika kusimama pale akitabasamu mpaka kila mtu alishe macho. Ndiyo desturi ilivyotaka. Waone.

Wekoye alipotokea na koti lake jeupe, akisukuma baiskeli, Lenah alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba. Alisimama chini ya dirisha dogo la kile chumba, mgongo ukutani, uso kwa migomba. Kutoka hapo hakuonekana, lakini sauti yake ilipita dirishani bila nauli.

"Karibu, baba," alisema. "Humo ni ghala. Uliza tu."

Ndani, viatu vilisita kizingitini kwa muda mrefu. Kisha vikaingia, kimoja kimoja.

"Asante, Mama. Maji unatoa wapi?"

"Bombani, kwa kioski. Nayachemsha mpaka yaimbe."

"Matunda?"

"Nayaosha mara mbili. Lililooza nampa nguruwe wa jirani, naye ananisifu."

Wekoye hakucheka. Lenah alisikia kalamu ikikwaruza. Alimsikia akifungua friji, akikagua kitaa, akipitisha kidole juu ya rafu. Mukhisa aliulizwa kuhusu kitambaa cha kuchujia, akaeleza jinsi ya kubadilisha mnyororo wa baiskeli. Ikabidi Lenah amjibie tena kupitia dirishani. Kila swali lilipata jibu lake, na kila jibu lilipokewa na minong'ono ya majirani waliojipanga uani kama mahakama. Lenah alianza kuona cheti kikimjia kwa miguu yake mwenyewe.

"Na hii mifuko ya nailoni, mirefu hii," Wekoye aliuliza. "Huwa imeshikana. Unaifunguaje?"

"Si naipuliza. Unasugua mdomo wake na vidole, halafu unapuliza, fuu! Inafunguka."

Kalamu ilinyamaza.

"Unapuliza na mdomo?"

"Sasa nipulize na nini, baba?"

Mtu mmoja uani aliangua kicheko, akakatishwa na mwenzake. Wekoye alikohoa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mama, kila mfuko umeingia pumzi yako. Ukiwa na kifua, umewapa watoto kifua. Siwezi kusaini. Na hizi zilizoganda hapa, arobaini, zote zimwagwe. Nisamehe."

Lenah alihisi masikio yakichemka. Maneno yalimjaa kinywani, maneno ambayo mama yeyote angemrushia kijana aliyepewa binti yake kwa ng'ombe wenye pembe nzuri. Lakini kwanza, mama mkwe hamtukani mkwe, hata kupitia ukutani. Na pili, hili ndilo lililomuuma zaidi, kijana alikuwa amesema kweli. Misimu minne alipuliza. Mwaka juzi alipuliza akiwa na mafua. Wote walipuliza, aliyemfundisha alipuliza, haikumjia hata siku moja kwamba usafi wote ule wa kuchemsha na kuchuja ulipita mlango mmoja, na mlango ni mdomo wake.

Majirani walisubiri. Hata migomba ilionekana kusubiri.

"Baba Nakhungu," aliita, "zitoe zote. Mwaga."

"Zote? Na kesho ni michezo!"

"Mwaga, watu waone. Wameona godoro, waone na hizi."

Mukhisa akazitoa, akazipasua moja moja uani, na barafu ya mapera na pasheni ikalala mavumbini, nyekundu na manjano, mpaka nyuki wakaja. Kazi ya siku mbili na usiku wake. Hakuna aliyecheka sasa. Mama mmoja alisema "Woi!" kana kwamba ni maziwa.

"Mkwe wangu," Lenah alisema dirishani, "nikitumia faneli? Nilowanishe mfuko kwa maji ya moto niliyochemsha, niufungue na kijiti kilichochemshwa, halafu nimwage kwa faneli. Mdomo wangu ukae na kazi yake ya kusema. Utasaini?"

"Nikiona, nitasaini."

"Utaonaje?"

Hapo Wekoye alikwama, na Mukhisa, na mahakama yote ya uani. Kuona ni lazima. Kuonana ni mwiko. Lenah alitafuna mdomo. Kisha akalivuta wazo lake polepole mpaka likafika pale lilipotakiwa.

"Baba Nakhungu, sogeza meza chini ya dirisha. Leta sufuria ya maji ya moto. Leta faneli mpya, ile ya kutilia mafuta ya taa usiiguse, utanitambua! Leta na jagi la maembe niliyoyachuja alfajiri."

Dirisha lile lilikuwa la mbao, lisilo na kioo, kimo cha kifua. Lenah alinawa kwa sabuni mara tatu, akageuza uso akautazama mgomba, kisha akaingiza mikono yake miwili ndani, mpaka kwenye viwiko. Hiyo mikono ilianza kazi. Ililowanisha mfuko, ikachukua kijiti, ikafungua, ikasimamisha faneli, ikamimina uji wa embe, ikafunga fundo. Mmoja. Miwili. Bila macho, kama mikono ya mtu anayesuka nywele gizani. Ndani ya chumba Wekoye alisimama, kalamu mkononi, akikagua kwa makini sana viganja vya mama ya mkewe, ambavyo hakuna mwiko unaovizuia kuonekana.

"Kidole hicho kimegusa mdomo wa mfuko, Mama."

Mkono ulirudi nyuma, ukanawa, ukaanza tena.

Walipofika mfuko wa ishirini, majirani walikuwa wakihesabu kwa sauti. Wa arobaini ulipofungwa fundo, Lenah alisikia muhuri ukipigwa mezani, dam! na hakujua kama ni meza iliyotikisika ama ni moyo wake.

*

Friji haikuwa na muda wa kutosha. Jumamosi saa nne asubuhi barafu zilitoka zikiwa hazijakamilika, ngumu pembeni, laini katikati, kama mahubiri ya padri mgeni. Lenah aliziingiza kwenye maranda, akabandika cheti kwenye ndoo kwa gundi ya unga, akaelekea shuleni akinyoosha shingo. Mgongo ulimuuma, alikuwa amelala sebuleni juu ya mkeka, na Mukhisa amekwisha kujikuna mguu mara mbili.

Mwalimu Kimeli alikisoma cheti kutoka juu hadi chini, na kutoka chini hadi juu. "Wamekupitisha kweli?"

"Soma kwa sauti, Mwalimu. Wengine hawana miwani."

Akasoma. Watoto walisikiliza, midomo wazi, na yule mwembamba wa nyuma ya ua alikuwa wa kwanza kunyoosha thumni. Lenah aliitazama ile sarafu, akamtazama mwenyewe.

"Unaniita nani?"

Kitoto kilikanyaga mguu wake wa kushoto kwa wa kulia. "Mama Nakhungu."

"Sema tena, sijasikia vizuri, nimezeeka."

"Mama Nakhungu!"

Akampa. Kilifyonza, macho yakapanuka kwa ule ulaini wa katikati, kikawaambia wenzake, na baada ya hapo langoni hapakupitika. Jerono alikuja kusimama kando, mikono mitupu. Wekoye alipokagua jikoni kwa Jerono alikuta maji ya kijito, na mambo yakaishia hapo.

"Ati unatumia faneli?" aliuliza, akiangalia kwingine.

"Njoo Jumatatu nikuonyeshe. Lakini ile rangi yako umwage kwanza. Sasa nipokelee hizi thumni unisaidie, usisimame hapo kama mti wa stima."

Mbio za mita mia nne zilikuwa zimeanza Lenah alipoona koti jeupe likikata uwanja. Wekoye alikuwa kazini, akikagua vyoo na mapipa ya maji, na jua la Februari lilikuwa limemkamua kama kitambaa. Alifika hatua kumi kutoka kwenye ndoo, akasimama. Alitazama cheti chake. Alitazama watoto wakifyonza. Akameza mate, koo likapanda na kushuka, na Jerono akaona.

"Maskini," Jerono alinong'ona. "Anataka."

"Najua anataka. Lakini hawezi kula mbele yangu."

"Sasa?"

Lenah aliangalia ndani ya maranda. Zilibaki mbili. Alizitoa, akazifuta, akaziweka juu ya kifuniko, kisha akainuka polepole, akakizungusha kigoda chake, akaketi tena akiwa ameipa ndoo kisogo. Mbele yake sasa palikuwa na ua wa shule na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba. Alimtazama mbuzi huyo kwa heshima zote.

Alisikia hatua. Alisikia nailoni ikichanwa kwa meno. Kisha, kwa muda mrefu, fyoo, fyoo, kama ndama.

"Jerono," alisema bila kugeuka, "mtu huyo amemaliza?"

"Bado."

"Mwambie asiharakishe. Mimi na huyu mbuzi bado tuna mazungumzo."

Nyuma yake nailoni ya pili ikachanwa.